Jina letu la mwisho ni Mwinyi: je, sisi ni ndugu wa marais?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, hapa Tanga. Jina langu la mwisho ni Mwinyi, na ndilo lililomo kwenye kitambulisho changu cha NIDA. Mwanangu wa darasa la sita aliambiwa shuleni aandike watu mashuhuri wenye jina la ukoo wao. Akaandika Rais Ali Hassan Mwinyi, Rais Hussein Mwinyi, Aboud Jumbe Mwinyi, Mama Siti Mwinyi, wachezaji Mwinyi Kazimoto na Haji Mwinyi, na kocha Mwinyi Zahera. Akaniuliza kama wote ni ndugu zetu, nikababaika. Wakati huohuo nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa Mwinyi. Humo tunaambiwa sote tumetoka kwa babu mmoja wa Kishirazi, na kila kaya ichange shilingi 50,000 kitengenezwe kitabu cha nasaba. Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, anasema huo ni utapeli. Lakini yeye vyeti vyake vinasomeka Athumani, ambalo ni jina la baba, na ananitania kuwa mimi nimejipachika ukoo wa marais. Babu yetu alikuwa mfanyakazi wa mkonge, na wazee wengine walimwita Mwinyimvua. Baba alifariki mwaka juzi, shamba lake la michungwa Muheza halijagawanywa. Nani kati yetu ana jina sahihi, na je, tofauti hii italeta matatizo?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa mzee.

Maswali yako ni matatu, nawe umeyafunga kitita kimoja: mtoto anataka kujua ndugu zake, kundi linataka hela yako, na wewe na kaka yako mna shamba la kugawana huku mkiitwa majina tofauti. Kwa mtoto jibu ni hapana, watu hao wote si ndugu zenu, na hata wao kwa wao wengi si ndugu. Kwako na kaka yako, nyote wawili majina yenu ni sahihi. Ukishaona jinsi majina ya pwani yanavyotengenezwa, hayo mawili hayatakushangaza tena.

Tuanze na orodha ya mtoto, maana amefanya kazi nzuri kuliko alivyodhani.

Ali Hassan Mwinyi na Hussein Ali Mwinyi ni baba na mwana, hapo hakuna ubishi. Baba, yaani Mzee Ruksa, alizaliwa Kivure, Mkoa wa Pwani, mwaka 1925, akapelekwa Zanzibar angali mtoto kwenda kusoma. Akaja kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Muungano kuanzia 1985 hadi 1995, akafariki tarehe 29 Februari 2024. Sasa tazama majina yenyewe. Ali ni yeye, Hassan ni baba yake, Mwinyi linatoka nyuma ya huyo baba. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, mwanawe angeitwa Hussein Ali Hassan, na Mwinyi lingeishia hapo, lisisikike tena. Halikuishia, kwa sababu lilikuwa limeshageuka kuwa jina la nyumba. Mama Siti Mwinyi naye yumo kwenye orodha, lakini yeye kaingia kwa kuolewa na Mzee Ruksa. Zamani mwanamke wa pwani aliolewa akabaki na jina la babake mpaka kaburini. Huu utaratibu wa kuchukua jina la mume umekuja na ofisi na magazeti. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja ya watu mashuhuri, jina limefika kwa njia zaidi ya moja.

Anayefuata ni Aboud Jumbe Mwinyi, na hapa ndipo wengi huteleza. Jumbe aliongoza Zanzibar tangu 1972 baada ya Mzee Karume kuuawa, akajiuzulu mwaka 1984, na aliyeshika nafasi yake ni Ali Hassan Mwinyi. Mgeni akisoma karatasi tu ataona Mwinyi amempokea Mwinyi, aseme kaka kamwachia mdogo wake. Si hivyo. Jumbe hakuwa baba, kaka wala ami wa Mzee Ruksa. Watu walimwita Jumbe tu, na lile jina la tatu likawa la kwenye nyaraka.

Kwenye mpira mambo yanazidi kuchangamka. Mwinyi Kazimoto, yule kiungo wa Simba na Taifa Stars, Mwinyi ni jina lake mwenyewe, la kwanza. Haji Mwinyi aliyecheza beki wa kushoto Yanga ni Haji Mwinyi Ngwali, kwa hiyo kwake Mwinyi ni jina la katikati. Kocha Mwinyi Zahera, aliyeinoa Yanga mwaka 2018 na 2019, ni Mkongo, na kwake pia ni jina la kwanza. Mwanao amewakusanya watu saba, na Mwinyi limekaa mwanzo, katikati na mwisho. Mwalimu wake alimwambia atafute jina la ukoo. Jina la ukoo halihamihami hivyo.

Usishangae Mkongo kuitwa Mwinyi. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo na Saadani ikielekea Tabora, Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Manyema. Waliokwenda hawakubeba nguo na shanga peke yake. Ujiji ya miaka ya 1870 mkubwa wa wafanyabiashara wa pwani aliitwa Mwinyi Kheri. Nyangwe, kwenye mto wa Kongo, kulikuwa na Mwinyi Mohara. Yote yalikuwa majina ya heshima: Mrima nzima, yaani pwani ya bara, muungwana au mkubwa wa mji aliitwa Mwinyi fulani, kisha ndipo jina lake likafuata. Unguja nako mtawala wa Wahadimu aliyekaa Dunga alijulikana kwa cheo cha Mwinyi Mkuu. Watu wakawapa watoto wao jina hilo kama wanavyowapa Sultani au Shehe, bila kuwa na usultani wala ushehe.

Mfano mzuri kuliko yote unatoka Bagamoyo. Yuko mtu aliyeandika kwa Kiswahili juu ya mila za watu wa pwani, akaenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yetu, akafia huko mwaka 1927. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari. Baba yake ni Bakari; Mwinyi ni heshima iliyowekwa mbele ya Bakari. Mchukue huyo Mtoro, mpeleke leo mbele ya fomu yenye vyumba vitatu vya majina. Karani mmoja ataandika Mtoro Mwinyi Bakari, na ukoo wake utakuwa Bakari. Mwingine, mwenye haraka zake, ataandika Mtoro Mwinyi, na ukoo wake utakuwa Mwinyi. Wajukuu wa huyo wa pili wangeingizwa kwenye kundi lako la WhatsApp siku hiyohiyo.

Huo ndio mtambo wenyewe. Waislamu wengi wa pwani hawakuwa na jina la ukoo kwa maana wanayoitumia Wachaga au Wahaya. Walikuwa na mnyororo: fulani bin fulani bin fulani. Mnyororo husogea kila kizazi, babu wa juu anadondoka, mtoto anaongezeka. Kisha serikali ikaja na fomu, neno "bin" likaachwa, majina yakakatwa yabaki mawili au matatu, na la mwisho likapewa kazi ambayo halikuwahi kuifanya. Jina lako la mwisho linaonyesha tu mahali ambapo karani aliinua kalamu.

Ongeza na hili: majina yenyewe ni machache, na yanazunguka. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri Mkuu na baadaye Katibu Mkuu wa OAU, ni Salim mwana wa Ahmed mwana wa Salim. Abeid Amani Karume alimzaa Amani Abeid Karume, naye akaja kuwa Rais wa Zanzibar, ila kwao Karume limeshikilia mwisho halitoki. Hapo majina mawili yanapokezana na la tatu limeganda. Ukiwa na akina Salim, Juma, Hamisi, Saidi na Athumani wanaorudi kila baada ya vizazi viwili kutoka Vanga mpaka Kilwa, watu kufanana jina la mwisho ni jambo lisiloepukika. Rais Samia ni Suluhu Hassan, Mzee Mwinyi ni Ali Hassan. Hassan mmoja ni babu wa mwanamama wa Makunduchi, Hassan mwingine ni baba wa mtu wa Kivure. Na Shaaban Robert wetu, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, alikuwa Mwislamu. Robert lilikuwa jina la baba yake tu. Ukimtafutia ukoo kwa jina la mwisho utajikuta Ulaya.

Lakini kaka yako asije akakwambia jina halina maana kabisa. Yako majina yanayobeba ukoo kweli. Hapa Tanga tulikuwa na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi aliyetunga utenzi juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, na mwanawe Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, aliyekuwa kadhi. Hilo la mwisho ni nisba, linataja kabila la asili na halisogei na kizazi. Vivyo hivyo al-Mazrui wa Mombasa: Sheikh Al-Amin aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanawe Profesa Ali Mazrui. Milimani kwetu nako, ukisikia Makamba, Mzee Yusuf aliyekuwa Katibu Mkuu wa CCM na January aliyekuwa mbunge wa Bumbuli, ni baba na mwana kweli. Hata hivyo nisba nayo ina mtego ambao wazee hawapendi kuuzungumza barazani. Enzi za utumwa, mtu aliyeachwa huru, au aliyekuja mjini bila jamaa akajiweka chini ya mkubwa, mara nyingine alichukua jina la nyumba ile. Wajukuu wake leo ni wenye jina halali kabisa, lakini damu si ileile. Sioni aibu hapo. Aibu ni kwa anayewauzia watu nasaba huku akijua historia hiyo.

Ambapo tunafika kwenye kundi lenu.

Sitasema ni matapeli. Siwajui, na huenda mwanzilishi ana nia njema na hajui tu kuwa anachokusanya hakiko. Lakini dai lenyewe, kwamba kila Mwinyi ametoka kwa babu mmoja wa Kishirazi, haliwezi kuwa kweli kwa jina ambalo lilikuwa cheo cha heshima kuanzia Lamu mpaka Nyangwe. Ni sawa na kusema kila anayeitwa Fundi ametoka kwa fundi mmoja. Muulize msimamizi wa kundi maswali mawili tu. La kwanza: ni nani hasa aliyemtaja kila mtu kwa baba yake, na kwa ushahidi gani? La pili: kati ya hizi familia zilizomo humu, ni zipi zimewahi kurithiana, au mtu wa moja kusimama kama walii, yaani mwozeshaji wa binti, wa nyingine? Hilo la pili ndilo mizani yangu siku zote. Huku kwetu, binti akiolewa, walii ni baba, na kama hayupo, babu mzaa baba, kaka, ami, wanatafutwa kwa mpangilio unaojulikana. Mtu akifa bila mtoto wa kiume, jamaa wa upande wa baba wanatokea kudai fungu lao. Hapo watu hawatanii, wala hawakubali ndugu wa kwenye simu. Kama hakuna nyumba hata moja iliyowahi kusimamia ndoa au mirathi ya nyingine, basi mmekutana kwa jina tu.

Ukipenda, baki humo. Kufahamiana na watu hakudhuru. Pesa usitoe mpaka majibu yapatikane. Nambari ya NIDA, picha ya kitambulisho na vyeti vya marehemu usivitume kabisa, hata ukiambiwa ni kwa ajili ya kitabu. Kama umeshatoa hela na mtu amezima simu, peleka risiti ya muamala polisi mapema.

Hiyo nguvu ya kutafuta asili itumie kwa babu yako mwenyewe, kwa maana amekuachia uzi mzuri. Kwamba alikuwa mfanyakazi wa mkonge na wengine walimwita Mwinyimvua inanifanya nione kilichotokea kama vile nilikuwepo. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30 za kutiwa alama, moja kwa kila siku aliyomaliza kazi. Jina la juu ya kadi aliliandika karani kwa jinsi alivyolisikia, asubuhi na mapema, foleni ndefu, nyapara anapiga kelele. Walikuja watu wa kila kabila, na wengine waliacha makusudi jina la kwao wakashika jina jipya la mjini. Mwinyimvua kukatwa likawa Mwinyi ni jambo dogo sana katika mazingira hayo.

Kwa hiyo nenda kwa shangazi yenu mkubwa aliye hai, ukiwa na daftari. Usimuulize "ukoo wetu ni nani", atakupa jibu la kukuridhisha. Muulize babu alizikwa wapi na nani alishuka kaburini. Muulize kwenye khitma ya wafu wa nyumba hiyo majina gani husomwa na kwa mpangilio gani. Muulize walii wake alikuwa nani siku anaolewa. Kama hati yake ya ndoa ipo, iangalie, mara nyingi imeandika jina la baba na la walii kwa ukamilifu kuliko cheti chochote cha shule. Ukikwama hapo, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zinahifadhi kumbukumbu za enzi za Wajerumani na Waingereza, ila usitarajie kumkuta manamba mmoja, yaani kibarua wa mashambani, kwa jina kirahisi. Wenye mababu waliopitia misheni wana bahati zaidi, kwani mapadre na makasisi wa Bagamoyo na Magila waliandika ubatizo na ndoa kwa vitabu.

Kuhusu vipimo vya vinasaba, najua vijana siku hizi wanavifikiria. Vinaweza kuonyesha kama wanaume wawili wana asili moja upande wa baba, lakini havitakutajia jina la babu yeyote. Na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali huendi tu ukajipimisha: kwa sheria ya mwaka 2009 maombi hupitia kwa walioruhusiwa, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Kwa swali lako ni gharama ya bure.

Sasa shamba, na hapa naomba usikawie.

Kaka yako ana majina mawili kwenye cheti cha shule, lake na la baba, kwa hiyo la mwisho likawa Athumani. Wewe karani alikufikisha kwa babu. Mama alikuwa mmoja, baba mmoja, madawati ya makarani ndiyo tofauti. Kurithi hakutegemei kufanana jina la mwisho. Kunategemea kuthibitisha kuwa marehemu ni baba yenu, na kwenye majina yenu wote wawili Athumani yupo, kwako katikati na kwake mwisho. Tatizo linaweza kuwa jina la baba mwenyewe: kwenye hati au karatasi za mauziano ya shamba aliandikwaje? Athumani Mwinyi, au Athumani Mwinyimvua? Kama cheti cha kifo kinasema moja na karatasi za shamba zinasema lingine, hilo ndilo la kurekebisha kwanza. Mara nyingi kiapo cha kuthibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, kinachoapwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kinatosha.

Kubadili jina la kaka ili mfanane sikushauri. Inawezekana, kwa hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, lakini atalazimika kufuata nyuma vyeti vyote, kazi, benki, NIDA, na katikati ya mirathi mtu akibadili jina anazua maswali badala ya kuyamaliza. Kama ni kwa ajili ya watoto, kaeni mkubaliane jina moja la kuandikisha watakaozaliwa kuanzia sasa. La sivyo watoto wako watakuwa Mwinyi na wake watakuwa Athumani, na baada ya miaka 40 hakuna atakayejua kwamba ni mtu na binamu yake.

Fanyeni kikao cha familia, muandike muhtasari, mmteue msimamizi wa mirathi, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo mkiwa na cheti cha kifo, orodha ya warithi wote, wakiwemo dada zenu, na karatasi za shamba. Kama cheti cha kifo bado, anzeni RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Na ikiwa kuna anayepinga kuwa fulani ni mtoto wa marehemu, au shamba limeshauzwa kipande, msijaribu kuamua wenyewe. Tafuteni wakili, au kituo cha msaada wa kisheria kama mfuko hauruhusu. Siku ya kwenda, chukueni na mzee mmoja wa Muheza aliyemjua baba yenu kwa majina yake yote mawili na yuko tayari kuyasema mbele ya hakimu.